Goti la Akwero na Maji ya Moto

Mbuya, Jumatano 12 Machi

Mtaalamu wa viungo kule hospitali ameniambia ninunue daftari, kila siku niandike goti la Akwero limekunjika kiasi gani na amefanya mazoezi mara ngapi. "Usitegemee kichwa, mama," alisema. "Kichwa kinachoka." Nimenunua. Nitaandika kwa Kiswahili, lugha niliyokulia nayo kambini baba yangu akiwa sajini. Akwero anakizungumza vizuri, lakini shuleni hawamfundishi, na kukisoma kunamchosha haraka. Kwa hiyo naweza kuandika na mengine.

Leo mazoezi mara moja badala ya tatu. Goti linakwenda kidogo tu kisha linakwama. Alilia. Nikamwambia askari hawalii. Akanijibu kwamba askari ni mimi, yeye ni mtoto wa darasa la tano.

Alhamisi 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilisimama njia panda kwa saa sita nzima nikiongoza magari, viatu vimejaa maji. Goti kama jana.

Ijumaa 14 Machi

Goti kama jana.

Jumapili 16 Machi

Akwero amerudi kutoka Ggaba kwa baba yake. Baba yake ni Kidega, ambaye tangu asilimu na kuoa tena anaitwa Akram. Tuliachana miaka minne iliyopita bila kupigana, na watu walitusifu kwa hilo. Mke wake mpya ni Zuleika, Mnubi wa Bombo, anakaanga samaki pale sokoni kando ya ziwa. Ana miaka ishirini na minane. Mimi nina thelathini na saba.

Mtoto ameingia ananuka samaki, ameshiba. Kabla hajavua viatu alikaa kitini akasema, "Mama, tazama." Goti likakunjika. Si sana, lakini kuliko nilivyowahi kuona tangu plasta itolewe Januari.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Mama Zuzu."

Sikujua kwamba anamwita hivyo. Nilimwambia vizuri sana, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi 20 Machi

Leo kazi imenipeleka Nakivubo. Pale mahali pako vilevile, viatu vya mitumba vimepangwa juu ya turubai. Septemba nilikuwa nimeinama hapo nikibishana na mwuzaji, nikauachia mkono wa Akwero. Niliuachia kidogo tu. Bodaboda ikampiga mguu wa kushoto, nikasikia mlio ambao mpaka leo siwezi kuuandika unafananaje.

Kidega hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Siku nyingine naona afadhali angenilaumu.

Mazoezi mara tatu. Goti kama juzi. Mikononi mwangu goti ni kama juzi siku zote.

Jumatatu 31 Machi

Jana ilikuwa Iddi, Akwero akaenda kusherehekea Ggaba. Amerudi mikono yote miwili ina hina, maua mpaka karibu na viwiko. Nilimwambia shuleni watamfukuza. Nikachukua sabuni na jiwe la kusugulia miguu. Akwero alinitazama nikimsugua mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Mama, itatoka yenyewe," alisema.

Ndipo nikaacha. Nimekaa naye kitandani nikimpaka mafuta mkononi, nikiona aibu kumtazama usoni.

Jumamosi 5 Aprili

Mvua. Mazoezi mara mbili. Goti kama jana.

Jumapili 13 Aprili

Nilikwenda Ggaba kumchukua mapema, saa nane badala ya saa kumi na moja. Najua kwa nini nilikwenda mapema. Nilitaka kuona.

Mlango ulikuwa wazi. Zuleika alikuwa amekaa mkekani, mguu wa Akwero juu ya mapaja yake, anausugua na mafuta. Huku anamwigiza mteja mmoja wa samaki, tajiri anayekagua macho ya sato kama daktari kisha anaondoka bila kununua. Akwero alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, na huku anacheka goti linakunjika. Kwangu hulia kabla sijamgusa.

"Karibu, Mama Akwero," Zuleika akasema aliponiona. "Ingia, usisimame kwenye mvua."

"Hayo mafuta umeyatoa wapi?"

"Ya simsim. Ya kwenu kaskazini haya, dada. Mama yake Akram ametuma kutoka Kitgum."

Nilikuwa mke wa Kidega kwa miaka tisa. Mama yake hakunitumia hata chumvi.

Jumamosi 19 Aprili

Kidega amekuja Mbuya mwenyewe. Hakutaka kukaa, kwa hiyo nikajua ana jambo.

"Zuleika ana shangazi yake," alianza, "alikuwa hawezi kupiga magoti kuswali. Akaenda kwenye chemchemi ya maji moto, kule mbele ya Fort Portal, chini ya milima. Akakaa siku kumi anaoga asubuhi na jioni. Sasa anapiga magoti. Tunataka kumpeleka Akwero likizo ya Mei. Tutapiga hema huko huko, siku nane."

"Shangazi alivunjika mguu?"

"Hapana, ni baridi ya viungo, lakini—"

"Basi hapana."

"Abwola, hata yule mtaalamu wa hospitali amesema maji ya moto yanalainisha. Nimempigia."

Amempigia mtaalamu wangu. Nikasema hapana mara ya pili. Ndipo Akwero akatoka chumbani na gongo lake, akasimama katikati yetu. "Mama, naomba. Mama Zuzu anasema kule unachemsha yai kwenye mto."

Nikamtazama Kidega nikasema, "Nami nakwenda."

Alijikuna kichwa. Nilifurahi sana kuona anajikuna kichwa.

Jumapili 27 Aprili

Zuleika amenitumia ujumbe. Anasema amefurahi sana kwamba nakwenda, maana wanaume na wanawake wanaoga mbali mbali, na yeye peke yake angehofia kumshika mtoto kwenye mawe. Ameninunulia godoro jembamba la kulalia hemani.

Nilitaka akasirike.

Jumamosi 3 Mei

Shule zimefungwa. Afande amenipa likizo ya siku kumi. Goti kama wiki iliyopita.

Kambini, Jumanne 6 Mei

Basi mpaka Fort Portal, kisha pikipiki tatu kwenye barabara nyekundu, kisha miguu kwa saa nzima, njia inapanda na kushuka kati ya migomba. Kidega alimbeba Akwero mgongoni. Zuleika alijitwika masufuria na godoro juu, hakushika kwa mkono. Mimi nilibeba mahema na magongo. Ukitutazama kwa mbali ungedhani ni familia moja inayohama.

Mvuke unaonekana kabla ya maji. Unapanda kutoka bondeni, kati ya miti, na harufu ni ya yai viza. Chini kuna mto wa baridi unaoshuka milimani kwa kelele, na pembeni yake maji moto yanatoka chini ya mawe. Watu wamepanga mawe wakatengeneza vidimbwi ambamo maji mawili yanachanganyika. Kidimbwi cha chini ni vuguvugu. Cha juu yake ni moto. Na juu kabisa ni jicho lenyewe, linatokota, hapo hakuna anayetia mguu. Wanaume wanaoga nyuma ya kona ya mto.

Tumepiga mahema mawili kwenye uwanja wa mama mmoja, Biira, Mkonzo mwenye sauti nzito, anayesimamia upande wa wanawake. Zuleika na mumewe hema moja, mimi na Akwero jingine. Biira aliuliza kwa Kiswahili cha huku, "Mama wa mtoto ni nani?"

"Ni huyu," Zuleika akajibu haraka, akinionyesha mimi.

Sijui kwa nini hata hilo liliniudhi.

Jumatano 7 Mei

Kuoga ni bila nguo, ndiyo desturi. Wanawake kumi hivi, wazee na wenye watoto, kila mmoja na kiungo chake kinachouma. Biira alituambia: mtoto kidimbwi cha chini tu, dakika kumi, kisha apumzike, kisha dakika kumi tena. "Cha juu ni cha watu wazima," alisema. "Kinavuta damu kichwani."

Akwero aliingia. Uso ulilegea kama wa mtoto mchanga akioga. Zuleika alichuchumaa mbele yake, akaweka mkono mmoja chini ya goti, mwingine kwenye kifundo, akasubiri. Hakusukuma. Alisubiri tu na kuongea upuuzi. Baada ya muda mguu ulikunjika wenyewe ndani ya maji.

Mimi nilikuwa nimeshika taulo.

Alhamisi 8 Mei

Mvua asubuhi yote. Tulichemsha mayai jichoni ndani ya kikapu cha Biira. Akwero alikula matatu. Jioni goti limekwenda kuliko siku zote, karibu nusu ya lile la mguu wa kulia. Kidega alipoambiwa alimshika Zuleika begani mbele yangu na kusema, "Mikono hii!"

Ijumaa 9 Mei

Tulibaki wawili kidimbwini, Akwero amepumzika juu ya mwamba na Biira. Nikaona kovu tumboni kwa Zuleika, la upasuaji. Nilikuwa nimemhesabu kuwa mwanamke asiyezaa. Mara nyingi nimesema moyoni, aende akazae wake.

Aliona ninavyotazama.

"Nilizaa," alisema. "Mwaka juzi. Alikaa siku mbili."

"Kidega hakuniambia."

"Nilimkataza. Niliogopa ungeacha kumleta Akwero, useme nyumba ina mkosi."

Ningefanya hivyo? Sijui. Nilisema pole. Tena ilikuwa pole ya kweli. Lakini tulipokuwa tunapanda kurudi kambini Akwero alimpa yeye mkono, si mimi, na ile pole ikageuka kitu kingine. Nikafikiri: kumbe anamtafuta wake ndani ya wangu. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Jumapili 11 Mei

Sikuandika jana. Leo naandika yote, kama ninavyoandika maelezo ya ajali kazini.

Jana Jumamosi, saa nne asubuhi, Kidega na Zuleika waliteremka kwenye kituo cha biashara kununua mchele na mafuta ya taa. Zuleika alisema, "Mtusubiri, Mama Akwero. Nikirudi tutaingia wote." Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima. Biira alikuwa shambani kwake. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha oga na kwenda.

Niliwaza hivi: nikiwa naye peke yangu, bila yule, nitalikunja. Wakirudi nitasema, tazameni. Nilitaka Kidega aseme "mikono hii" kwa mikono yangu.

Nikamwambia Akwero twende. Akasema tumngoje Mama Zuzu.

"Mimi ndiye mama yako," nikasema.

Alichukua magongo yake.

Nilimpeleka kidimbwi cha juu. Nilijiambia kwamba kama vuguvugu limelainisha kidogo, moto utalainisha zaidi. Aliingia taratibu, akasema yanachoma. Nikamwambia avumilie, yatazoeleka. Nilishika mguu kama nilivyomwona Zuleika anashika. Nilisubiri, lakini mimi sijui kusubiri. Nikaanza kuhesabu, moja, mbili, kila hesabu nasukuma. Likaenda. Likafika pale lilipofika Alhamisi. Nikafurahi, nikasukuma tena. Akwero alisema, "Mama, basi." Nikasema bado kidogo. Akasema, "Mama, basi, basi," na mimi nilikuwa nasikia, siwezi kuandika kwamba sikusikia. Nikasukuma kwa uzito wangu wote.

Alipiga kelele moja. Kisha shingo ikalegea na uso ukaingia majini.

Nilimtoa. Sijui nilimtoaje, ana kilo thelathini na nne na mawe yale yanateleza. Nilimlaza kwenye nyasi, nikachota maji ya mto wa baridi kwa mikono nikammwagia kifuani. Midomo ilikuwa myeupe. Nilimwita kwa jina lake lote. Nilimwita kwa jina ambalo mama yangu alikuwa ananiitia mimi. Alipofungua macho alinitazama kwa muda, akatapika, akaanza kulia. Goti lilikuwa limeanza kuvimba mbele ya macho yangu.

Kidega na Zuleika walitukuta hapo, mvua ikiwa imeanza. Kidega alitupa mchele chini.

"Nini? Kumetokea nini?"

Nilifungua mdomo. Akwero akanitangulia.

"Niliteleza," alisema. "Nilikuwa nataka kuingia mwenyewe, nikateleza."

Na mimi nilinyamaza.

Kidega alimgeukia Zuleika. Sijawahi kumsikia hivyo, hata tulipokuwa tunaachana. "Wewe na maji yako! Wewe na shangazi yako! Mtoto alikuwa anatembea, umemleta kwenye mawe haya aje afe!" Zuleika alisimama kwenye mvua, kitambaa kimeshikamana na kichwa. Na ndani yangu, pamoja na hofu yote, kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi. Nilikisikia kabisa.

Jioni mto ulifurika. Njia imekatika. Biira anasema hakuna kuvuka mpaka upungue.

Leo Akwero anakubali maji nikimpa, anageuza uso.

Jumatatu 12 Mei

Mvua ilipungua alfajiri, mto bado. Zuleika amemkanda goti kwa vitambaa vya maji baridi tangu juzi. Anabadilisha kila kinapopata joto, hajalala. Kidega hasemi naye. Anakaa nje ya hema akichonga fimbo asiyoihitaji.

Saa tatu Zuleika aliniita nyuma ya mahema. Alisema polepole, bila ukali.

"Mama Akwero. Juu ya goti kuna alama za vidole. Vinne upande huu, kimoja upande huu. Anayeteleza hapati alama hizo."

"Kwa nini hujamwambia mumeo?"

"Nikisema, Akwero ataulizwa. Akiulizwa itabidi achague, mimi ni mwongo au wewe. Ana miaka kumi na mmoja. Sitaki achague."

"Lakini anakuonea."

"Ananionea, ndiyo. Nami nimechoka, dada. Usidhani sijachoka."

Nimekuwa askari miaka kumi na mitano. Nimewaandikia maelezo watu wengi waliogonga na kukimbia. Wote huwa na sababu nzuri.

Nilikwenda kwa Kidega nikasimama mbele yake. Nilimwambia yote: kidimbwi cha juu, kuhesabu, "Mama, basi". Nilimwambia mtoto alinidanganyia na mimi nikaacha uongo ukae. Alisikiliza mpaka mwisho. Fimbo ilikatika mkononi mwake.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu kwake linakunjika."

Alinitazama kama anayemtafuta mtu aliyekuwa anamfahamu. Alikuwa na haki ya kunipigia kelele kama alivyompigia mwenzake. Hakupiga. Alisema, "Nakivubo ilikuwa ajali. Sikukulaumu, wala sitakulaumu. Hii siyo ajali." Akainuka, akaenda kwenye hema lao. Nilimsikia anamwomba Zuleika msamaha. Nilimsikia Zuleika hatimaye analia, kwa sauti ya mtu aliyeweka mzigo chini.

Kisha nilikwenda kwa Akwero. Nilimwambia nimeshasema ukweli, hana haja ya kunifichia tena.

"Baba amekasirika?"

"Amekasirika na mimi. Siyo na wewe."

"Nilidhani hatakuruhusu kukaa na mimi tena," alisema, akageukia ukuta wa hema. Hicho ndicho alichokuwa anakilinda, na mimi nilidhani ananichukia.

Fort Portal, Jumanne 13 Mei

Mto ulipungua asubuhi. Kidega alimbeba, Zuleika akiwa mbele anajaribu kila jiwe kwa mguu wake kabla hajamruhusu mumewe akanyage. Hospitali wamepiga picha. Mfupa ni mzima. Kano imevutika vibaya na goti limejaa maji. Wiki tatu asikanyage. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, aliuliza imekuwaje.

"Nilimlazimisha zoezi," nikasema. "Mimi mama yake."

Aliandika bila kuinua kichwa. Maneno hayo matano sasa yamo katika faili lake.

Mbuya, Jumapili 18 Mei

Nyumba ina mlio wake ambao sikuwahi kuusikia. Akwero yuko Ggaba. Mimi niko zamu mchana kutwa, na mtoto asiyekanyaga hawezi kubaki peke yake, hivyo ndivyo tulivyowaambia majirani. Ukweli ni kwamba Kidega alisema, "Anakuja kwangu, na sijui kama nitamrudisha." Nilimjibu kwamba nimesikia.

Jumatano 21 Mei

Mvua. Hakuna goti la kuandika.

Jumatatu 26 Mei

Muhula umefunguliwa. Nilisimama kwenye kivuko cha shule yake nikiwavusha watoto wa darasa lake. Mmoja aliniuliza, "Akwero yuko wapi?" Nikasema yuko kwao. Baadaye ndipo niliposikia nilichosema.

Nilipitia Ggaba baada ya kazi. Kidega alinifungulia mlango, akanisalimia, akatoka nje. Nilikaa na Akwero nusu saa. Tulisoma naye hesabu za sehemu. Zuleika alileta chai na samaki, akatuachia chumba. Ningependa kuandika kwamba wivu umekwisha. Haujakwisha. Nilipoona nguo za Akwero zimekunjwa rafuni pamoja na za Zuleika, nilihisi kama nimemeza kaa la moto. Tofauti ni kwamba sasa nalijua jina lake na sisemi ni kitu kingine.

Jumapili 1 Juni

Ggaba tena. Uvimbe umekwisha. Mtaalamu amesema Jumanne waanze mazoezi upya, taratibu, kama mwanzo kabisa.

Jumapili 8 Juni

Nilifika saa tisa. Walikuwa mkekani, mafuta yamewekwa tayari. Zuleika aliniambia wiki yote Akwero amekuwa anakataa, na leo lazima, la sivyo goti litaganda. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono yangu nimeikalia.

Hapakuwa na mzaha leo. Zuleika alijaribu kumwigiza yule tajiri wa samaki, Akwero hakucheka. Alianza kulia mkono wa Zuleika ulipogusa tu. Sasa anaogopa mikono ya kila mtu, nami najua aliyemfundisha. Zuleika alisubiri, akasubiri tena, akakunja kidogo sana. Ndipo mtoto alipopasuka.

"Niache! Wewe si mama yangu! Huna mtoto, hujui! Mama yangu ni yule pale!"

Akaninyooshea mikono yote miwili.

Zuleika aliuweka ule mguu chini kama kitu kinachoweza kuvunjika. Alijifuta mafuta kwa upindo wa kitambaa, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenye jiko la samaki.

Tangu Machi nimelala na kuamka nikitaka kuyasikia maneno hayo. Nilikuwa nimeyaandaa masikio. Nikangoja yawe matamu. Nilichokiona ni mgongo wa Zuleika unapita mlangoni, na siku mbili za mtoto wake.

Nilipiga magoti mbele ya Akwero. Hakuwa na haja ya kuniambia amekosea, alikuwa tayari ameufunika mdomo wake.

"Mimi ni mama yako," nilimwambia. "Hilo halina mashindano. Lakini goti lako mimi siliwezi. Nililishika nikaliumiza. Anayeliweza ni yeye."

"Nimesema vibaya, Mama."

"Umesema vibaya sana. Kaa hapo."

Nyuma, Zuleika alikuwa anachochea moto usiokuwa na sufuria juu yake. Hakugeuka.

"Rudi ndani," nilisema. "Tafadhali."

"Hajaniita."

"Mimi nakuita."

Aligeuka akanitazama, macho mekundu, moshi au siyo moshi. Nilimwambia kitu ambacho sikuwa nimekipanga, kwamba Ijumaa ile kidimbwini nilimwambia pole nikaiondoa kabla ya kufika kambini, na kwamba leo naisema tena. Nikamuuliza mtoto aliitwa nani.

"Kaltumi," alisema. "Hakuna anayeniuliza."

Turudi ndani, nikasema, na tukarudi. Akwero aliomba msamaha kwa sauti ndogo, Zuleika akampangusa makamasi kwa kiganja, na mambo yakaisha. Kisha akanionyesha pa kukaa: nyuma ya mtoto, mgongo wake kifuani pangu, mikono yangu imemzunguka. Goti akalishika yeye. Akwero alilia kutoka zoezi la kwanza mpaka la mwisho, nami nilimshika kwa nguvu zote nilizo nazo, na nguvu hizo hazikumuumiza. Lilikunjika kidogo tu, kama lile la Machi.

Mara kumi. Kidega alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Aliniuliza kesho niko zamu gani. Nikasema ya asubuhi, naachia saa nane.

"Basi saa tisa," alisema. "Tutakungoja."